Mwisho wa Hadithi Fupi na Sikio la Msomaji: Tafakuri ya Mwalimu Mmoja wa Machakos

Mazungumzo kuhusu mwisho wa hadithi fupi aghalabu huanza na kuishia kwa mwandishi. Tunauliza ameufumaje, ameutayarishaje tangu sentensi ya kwanza, na kama ameufikia kwa haki au kwa kumtia msomaji mchanga wa macho. Maswali haya ni halali, nami nimeyauliza kwa miaka mingi, kwanza mbele ya wanafunzi wa shule ya upili na baadaye mbele ya wanafunzi wa chuo. Katika makala haya, hata hivyo, nakusudia kulitazama suala hilo kutoka ng'ambo ya pili, yaani upande wa yule anayeufunga ukurasa wa mwisho na kubaki na kitabu mkononi. Sidai kwamba nilichokileta hapa ni utafiti. Ni kisa kimoja kilichonipata darasani, mjini Machakos, mwezi wa Oktoba 2020, mwaka ambao hakuna mwalimu wa Kenya atakayeusahau. Kisa chenyewe ni kidogo, na mimi sitoki ndani yake nikiwa nimesifika.

Diwani iliyohusika inajulikana vema na wasomaji wa jarida hili. Ni *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa mwaka 2016, ikatahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne kuanzia mwaka 2018 hadi mwaka 2022. Ina hadithi kumi na tatu. Mbili kati yake, zinazotenganishwa na hadithi moja tu, zinahusu jambo moja: msichana wa shule anayeshika mimba. Ya kwanza ni "Shogake Dada ana Ndevu" ya Alifa Chokocho mwenyewe. Safia, binti anayeaminiwa na wazazi wake kupita kiasi, anatembelewa nyumbani na "shoga" aliyejitanda buibui, ambaye kwa hakika ni mwanamume. Safia anashika mimba, anajaribu kuitoa, na anakufa. Ya pili ni "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany. Sara anabakwa, anashika mimba, na kwa muda mrefu anaishi katika hofu ya yale yatakayompata siri itakapofichuka. Lakini mwishoni wazazi wake wanaelezwa habari hiyo na hawamtupi. Hivyo basi diwani moja inampa msomaji wasichana wawili walio katika hali moja, na miisho miwili: kaburi na mapokezi.

Yafaa pia nikumbushe mahali na wakati. Shule zote za Kenya zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya Korona. Mwezi wa Juni mwaka huo jina la Machakos lilitawala vyombo vya habari vya nchi nzima, kwa kuwa ilitangazwa kwamba wasichana wapatao 4,000 wa kaunti hii walikuwa wameshika mimba katika miezi mitano ya kwanza ya mwaka. Takwimu hiyo ilizua ubishi mkubwa: wapo waliosema kwamba ilijumuisha pia wanawake wachanga waliokwisha kuvuka umri wa utoto, na kwamba haikuwa na tofauti kubwa na ya miaka iliyotangulia. Ubishi huo una maana yake, lakini mtaani hakuna aliyesubiri uishe. Kwa wiki kadhaa ilitosha msichana kupita sokoni akiwa amevaa fulana pana ili watu wageuze shingo. Machakos ilikuwa imegeuzwa kuwa hadithi, na kila mtu alikuwa na hakika ya funzo lake.

Tarehe 12 Oktoba 2020 watahiniwa wa kidato cha nne waliitwa kurejea shuleni kabla ya wenzao. Katika darasa langu alirudi msichana mmoja aliyekuwa amejifungua wakati wa likizo hiyo ndefu. Sera ya serikali tangu mwaka 1994 inamruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi masomoni, naye alitumia haki yake hiyo. Hakuna aliyemsema waziwazi. Alikaa karibu na dirisha, akaandika kila nilichosema, na saa ya chakula alikwenda kando kufanya jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelitaja. Nilipopiga hesabu ya miezi nilitambua kwamba shule zilipofungwa alikuwa tayari mjamzito, na kwamba mimi niliyemfundisha karibu kila siku sikuona chochote. Jambo hilo nililiona dogo wakati ule. Nitalirudia.

Tulikuwa na muda mfupi, kwa kuwa mtihani ulipangwa kufanywa mwezi wa Machi 2021. Nikawafundisha "Shogake Dada ana Ndevu" kama nilivyoifundisha miaka miwili iliyotangulia. Tuliisoma kwa zamu hadi mwisho, kisha nikaandika ubaoni swali ambalo nadhani kila mwalimu wa fasihi nchini ameliandika: mwisho wa hadithi hii unatupa funzo gani? Majibu yalikuja mbio, maana yamo katika miongozo. Wasichana wajihadhari na wavulana. Ngono kabla ya ndoa huleta maangamizi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliyaorodhesha yote nikayapa nambari. Darasa lilipokwisha kunakili, yule msichana wa dirishani aliinua mkono, na hili halikuwa desturi yake.

"Mwalimu," alisema, "kama Safia angemwambia mama yake, hadithi ingeisha vipi?"

Nilitazama saa. Nilimjibu kwamba hilo halimo kitabuni, na kwamba katika mtihani tunajibu kwa yaliyomo kitabuni tu. Alisema, "Ndiyo, Mwalimu," akaketi. Kipindi kikaisha.

Ningependa kueleza kwa nini jibu hilo, ambalo kwa mtahini ni sahihi kabisa, kwa mhakiki ni kosa. Na pia kwa nini lilikuwa kosa la namna nyingine, lililo zito zaidi.

Tuanze na mhakiki. Tumerithi kutoka kwa Edgar Allan Poe, katika tahakiki yake ya mwaka 1842 juu ya hadithi za Nathaniel Hawthorne, wazo kwamba hadithi fupi husomwa kwa kikao kimoja na hulenga kumwachia msomaji athari moja. Kutokana na wazo hilo ni rahisi kuamini kwamba athari hiyo yote hukaa katika mwisho, kama sumu inavyokaa katika mkia wa nge. Frank Kermode naye, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1967, alionyesha kwamba binadamu hutamani miisho kwa sababu yeye mwenyewe huishi katikati ya mambo, na mwisho humwezesha kuyapa maana yaliyotangulia. Tukiyaweka mawazo haya mawili pamoja tunapata jambo ambalo mafunzo yetu ya darasani hulisahau: mwisho hauelekei mbele tu, unarudi nyuma. Unamlazimu msomaji aisome upya hadithi aliyoimaliza sasa hivi, hata kama hatafungua tena ukurasa wa kwanza.

Tuurudishe basi mwisho wa hadithi ya Safia nyuma, tuone unaangukia wapi. Unaangukia kwenye anwani. Anwani ya hadithi hii ni maneno ya mtoto. Ni Lulua, mdogo wake Safia, aliyeona kwamba yule shoga wa dada yake ana ndevu, akamwambia mama yake, Bi Hamida, na mama akalipuuza neno hilo kwa kuwa lilitoka kinywani mwa mtoto na kwa kuwa lilimhusu binti asiyeweza kushukiwa. Mwandishi amelitundika neno hilo juu ya mlango wa hadithi yake. Msomaji anaambiwa siri kabla hajaingia ndani. Kwa hiyo mwisho haumshtui kwa ugeni wake. Unachomfanyia ni kumwonyesha kwamba habari yote ilikuwapo tangu mwanzo, ilisemwa kwa sauti, na ilisemwa kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kufanya jambo. Hadithi hii ina kosa la Safia ndani yake, hilo silikatai. Lakini anwani haikuchaguliwa kutoka katika kosa la Safia. Imechaguliwa kutoka katika sikio la mama lililojifunga. Methali niliyoiandika ubaoni kuhusu asiyesikia la mkuu ilikuwa imesimama kichwa chini miguu juu: katika hadithi hii ni mkuu asiyesikia la mdogo.

Sasa tuiweke kando yake "Mame Bakari". Sehemu kubwa ya hadithi hiyo hupita ndani ya kichwa cha Sara. Hofu inamchorea picha za baba atakavyoghadhibika, shule itakavyomtimua, watu watakavyomcheka. Picha hizo ni kali kiasi kwamba msomaji huanza kuzipokea kama matukio, na huenda akaumaliza ukurasa akiwa ameshawishika kwamba Sara amekwisha kuhukumiwa. Kisha mwisho unakuja na kuonyesha kwamba hukumu hiyo ilitolewa na hofu. Kilichoubadilisha mwisho ni kwamba habari iliwafikia wazazi kwa njia ya mtu mzima aliyejua namna ya kuisema, nao wakaisikia. Hakuna muujiza wala bahati iliyotoka nje ya hadithi. Kuna neno lililosemwa na kupokewa.

Nilipowauliza wanafunzi, siku zilizofuata, kwa nini mmoja alikufa na mwingine akapokewa, karibu wote walijibu kwamba Sara hakuwa na hatia ilhali Safia alijitakia. Jibu hili linastahili kuheshimiwa, kwa maana lina mantiki: Sara alibakwa na Safia alipenda. Lakini tazameni linachokifanya. Linamgeuza mwandishi kuwa hakimu na mwisho kuwa hukumu, kana kwamba kifo ni kipimo cha hatia. Tukilikubali, tunakubali pia kwamba msichana yeyote aliyeshika mimba kwa kumpenda mtu, na bado yu hai, ni hadithi ambayo haijamalizwa ipasavyo. Alikuwapo msichana wa namna hiyo darasani, mita tatu kutoka ubaoni, akinakili. Swali lake lilikuwa limekwisha kuipita mantiki ya wenzake na ya mwalimu wake. Hakuuliza nani alikuwa na hatia. Aliuliza nini kingetokea kama neno lingesemwa. Bila ya kuitaja, alikuwa amezisoma hadithi zile mbili pamoja na kuona kwamba tofauti ya miisho yake imo katika kusema na kusikia. Huo ni uhakiki, tena uhakiki bora kuliko orodha yangu yenye nambari.

Wolfgang Iser ametufundisha kwamba matini huwa na nafasi tupu ambazo msomaji huzijaza, na kwamba kusoma ni kuzijaza nafasi hizo. Nadharia hiyo nilikuwa nimeisoma na kuifanyia mtihani. Hata hivyo, msomaji wa kweli aliponionyesha nafasi tupu iliyo kubwa kuliko zote katika hadithi ile, nilimwambia kwamba haimo kitabuni. Ni kweli haimo. Ndiyo maana ni nafasi tupu.

Mwaka uliofuata nilijaribu njia nyingine. Mtaalamu wa Marekani, Susan Lohafer, alizoea kuwauliza wasomaji ni katika sentensi zipi, kabla ya sentensi ya mwisho, hadithi ingeweza kukoma na bado ikawa hadithi kamili. Niliiazima mbinu hiyo bila ya vipimo vyake vya kitaalamu. Niliwasomea wanafunzi hadithi ya Safia huku vitabu vimefungwa, nikawaambia kila mmoja aandike mahali ambapo angeikomesha. Sikuhesabu majibu na sitajifanya kwamba niliyahesabu. Naweza kusema tu lililonigusa. Wapo walioikomesha kwenye kifo, kama nilivyotazamia. Lakini wengi zaidi ya nilivyodhani waliikomesha mapema sana, pale mtoto anapomwambia mama kuhusu ndevu. Nilipowauliza sababu, mmoja alisema, "Hapo ndipo ilipoharibika, Mwalimu. Yaliyobaki ni matokeo." Mwanafunzi huyo alikuwa amepata katika sentensi mbili kile nilichokihangaikia kwa mwaka mzima: kwamba mwisho wa tukio na mwisho wa uwezekano si lazima vikae mahali pamoja. Hadithi fupi yenye nguvu hutuachia uchungu hasa kwa sababu tunapofika kwenye mwisho wa kwanza tunagundua kwamba ule wa pili tulikwisha kuupita zamani, na hatukusimama.

Jambo hili halipaswi kumshangaza mtu aliyekulia katika vilima vya Iveti. Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alitusimulia ngano za Kikamba jioni tukingoja chakula, na kila ngano aliifunga kwa utani uleule. Alijitakia yeye mwenyewe ng'ombe wengi zizini na sisi akatutakia wadudu waharibifu ghalani. Ng'ombe wake wale majani mazuri na wetu wale matope. Sisi tulipiga kelele za kukataa. Miaka mingi baadaye nilikuta kwamba Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyeishi Ukambani miaka ya 1911 na 1912, alikuwa amerekodi vimalizio vya aina hiyohiyo. Kwa muda mrefu niliviona kuwa pambo tu, alama ya kuonyesha kwamba ngano imekwisha. Siku hizi naviona kwa jicho lingine. Kimalizio kile hakitoi funzo. Fanani hasemi ngano ina maana gani. Anachokifanya ni kumtenga kila mmoja wetu na ngano na kumrudisha nyumbani kwake: mimi na zizi langu, wewe na ghala lako, kila mtu akaangalie kilichomo ndani. Na makelele yetu ya kukataa yalikuwa sehemu ya ngano. Susu alikuwa amelitengea pingamizi la msikilizaji nafasi yake. Mimi nilikuwa nimeiziba kwa chokaa.

Yapo mapingamizi mawili ambayo sina budi kuyajibu. La kwanza ni la mtahini: kwamba tukimruhusu kila msomaji aulize kile ambacho hakikuandikwa, tutafundisha ndoto badala ya fasihi. Nakubali kwamba mpaka upo. Swali la kama Safia angekuwa na mjomba tajiri halina mizizi katika hadithi, na halistahili muda wa darasa. Lakini swali la kama angemwambia mama yake lina mizizi katika anwani, katika Lulua, katika Bi Hamida, na katika hadithi ya jirani yake diwanini. Linaitwa na matini yenyewe. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia msomaji kutofautisha maswali ya aina hizi mbili. Kuyafukuza yote kwa pamoja ni uvivu uliovaa joho la nidhamu.

La pili ni la mzazi, na nimeambiwa ana kwa ana: kwamba mwisho wa kutisha huwaokoa watoto, na mwalimu anayeulegeza anacheza na maisha yao. Silidharau hata kidogo, hasa katika kaunti iliyopitia mwaka 2020. Ila yafaa tujiulize hofu hiyo inamwendea nani na inamfanyia nini. Kwa msichana ambaye hajapatwa na jambo, huenda ikawa kinga. Kwa yule aliyekwisha kupatwa, mwisho uliofundishwa kama adhabu unamwambia anyamaze. Na kunyamaza, kwa mujibu wa hadithi yenyewe, ndiko kulikomuua Safia. Hivyo tunaweza kuufundisha mwisho kwa namna inayotimiza katika maisha maangamizi ambayo hadithi iliandikwa kuyazuia.

Hapa narudi kwenye lile kosa la namna nyingine. Mtoto mmoja alimwambia mkubwa wake neno, na mkubwa akatazama saa. Nilikuwa nimetoka kuisoma hadithi nzima inayohusu kitendo hicho, kwa sauti yangu mwenyewe, na nilikitenda kabla chaki haijakauka mkononi. Sijui kama kuna ushahidi mkubwa kuliko huu kwamba mtu anaweza kuufafanua mwisho wa hadithi bila ya mwisho huo kumfikia.

Kabla ya mtihani nilimwita, nikamwambia kwamba swali lake lilikuwa jema na kwamba nilikosea kulikata. Nilitaka kuendelea, nimweleze kuhusu anwani na kuhusu Lulua. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mimi nilimwambia mama, Mwalimu. Alilia siku mbili, halafu akaniuliza kama nimekula." Akaomba ruhusa aende, kwa kuwa basi la jioni la kwao lilikuwa linakaribia kuondoka.

Alikuwa amelijua jibu tangu siku ile alipouliza.